Fungu la Kumi la Minervali: Kisa cha Kikundi cha Wanafunzi Wakristo Lubumbashi

Wakati wa sesioni ya kwanza ya mitihani, msichana wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha Lubumbashi alikwenda kwa apariteri, karani wa mambo ya wanafunzi wa kitivo chake, kutazama orodha ya wanaoruhusiwa kufanya mitihani. Alipitisha kidole kutoka juu mpaka chini, hakujiona. Wenzake waliomaliza kulipa minervali, yaani ada ya chuo, na kufanya anrolema, yaani kujiandikisha kwa mitihani, walikuwemo wote. Yeye alikuwa amebakiza deni, dogo kwa mtu mwenye mshahara, kubwa kwa mtoto anayekula mara moja kwa siku ndani ya homu, bweni la wanafunzi.

Nyumbani kwao hawakukosa fedha. Mjomba wake, mfanyakazi wa migodi huko Kolwezi, alikuwa ametuma ada yote ya masomo kwa simu, na zilifika zote. Lakini kabla ya kwenda benki kulipa, msichana alitenga sehemu moja ya kumi, akaitia kwenye bahasha na kumkabidhi mtunza kasha wa kikundi chake cha maombi. Alikuwa amefundishwa kwamba kila fedha inayopita mkononi mwa mwamini ina sehemu ya Bwana ndani yake, hata ikiwa imetumwa kwa shughuli maalumu, na kwamba anayetanguliza ya Mungu haaibiki. Akangoja pengo lijazwe. Halikujazwa. Akaona haya kumweleza mjomba, akanyamaza mpaka tarehe ya mwisho ikapita.

Mama yake alipopata habari hakupiga simu. Jumapili iliyofuata alipanda basi kutoka Katuba mpaka kampasi, akaulizia wanafunzi wanaosali, akaelekezwa kwenye oditwari moja, ukumbi wa mihadhara. Alikuta ibada kamili: kinanda, vikapu vya sadaka, mahubiri ya zaidi ya saa nzima, na meza iliyofunikwa kitambaa cheupe kwa ajili ya chakula cha Bwana. Alikaa nyuma kwa heshima mpaka mwisho, kisha akamwendea kiongozi.

"Mutumishi, huyu mutoto ni miye nilimuzala. Kanisa yake iko Katuba, batu ba kule banamuulizaka kila siku ya yenga (Jumapili). Weye uko nani kwake?"

"Mama, miye niko baba yake wa kiroho."

Jibu hilo lilifika masikioni mwa wachungaji wawili wa mjini, na kutoka kwao likatufikia sisi wachache tuliopitia kikundi hicho tulipokuwa wanafunzi. Tuliombwa kusikiliza pande zote. Naandika kwa ruhusa ya mama na binti, bila kumtaja mtu, kwa sababu njia kiliyopita kikundi hiki ni njia ambayo vikundi vingi vya vyuo vyetu vinaielekea, na ni rahisi kuisimulia vibaya. Kwa wengi kisa hiki ni cha fedha. Mimi nadhani fedha ilikuja mwishoni.

Kilivyokuwa mwanzo

Kikundi kilizaliwa ndani ya chumba kimoja cha homu, vitanda viwili na wanafunzi wengine sakafuni. Alhamisi jioni walisoma Biblia, kitabu kimoja mpaka kiishe, kila mtu akiongoza kwa zamu. Ijumaa waliomba. Hakikuwa tawi la GBU, yaani vile vikundi vya Biblia vya vyuo vikuu ambavyo katika nchi za Kifaransa vimo ndani ya IFES, ushirika wa kimataifa wa wanafunzi ulioanzishwa mwaka 1947. Lakini waanzilishi walikuwa wamekaa na watu wa GBU na waliiga mengi kwao. Wanafunzi wenyewe ndio wanaoongoza. Watu wa madhehebu yote wanakaribishwa. Komite inabadilika kila mwaka wa masomo. Na Jumapili asubuhi hakuna mkutano, kila mtu anakwenda kanisani kwake.

Kanuni hiyo ya Jumapili watu wengi wanaidharau, kwa hiyo nitaieleza. Pale chumbani msichana Mmethodisti alikaa karibu na kijana wa Garenganze, kanisa ambalo mizizi yake inarudi kwa Frederick Stanley Arnot aliyefika Bunkeya, kwa mfalme Msiri, mwaka 1886. Pembeni yao alikuwepo Mpentekoste wa kanisa lililotokana na kazi ya William Burton na James Salter, walioingia Mwanza ya Katanga mwaka 1915. Walikuwepo Wakatoliki wa karismatiki. Waadventista walikuja Alhamisi, wakaaga mapema Ijumaa kabla jua halijazama. Hawa wote hawakubaliani juu ya kubatiza watoto wachanga, juu ya kunena kwa lugha, wala juu ya nani ana haki ya kugawa mkate na divai. Vijana wa miaka ishirini hawawezi kumaliza ndani ya homu mabishano ambayo makanisa yao hayajayamaliza kwa karne kadhaa. Basi kikundi kiliacha ubatizo, meza ya Bwana na fungu la kumi mikononi mwa makanisa, kikashika vile ambavyo wote walikuwa navyo: Biblia, maombi, na kutunzana katika maisha ya chuo.

Kutunzana huko hakukuwa maneno. Anayezijua homu zetu anawajua makizari, wanafunzi wasio na kitanda chao, wanaolala chini kwa wenzao na kukunja mkeka kabla hakujapambazuka. Kikundi kiliwatafutia pa kulala. Mgonjwa akizidiwa usiku alipelekwa hospitali ya Sendwe na mtu akabaki naye mpaka ndugu zake wafike kutoka Likasi au Kalemie. Msichana aliyeambiwa na asistenti, mhadhiri msaidizi, kwamba alama zake zinangoja amtembelee nyumbani hakuachwa na maombi peke yake: dada wawili walimsindikiza mpaka kwa mkuu wa idara na kukaa naye wakati akieleza. Yeyote anayekisema vibaya kikundi hiki leo asisahau hayo.

Aliyebaki

Kiongozi wa kisa chetu aliingia akiwa mwaka wa kwanza, kijana wa Kamina, mpole, mwenye sauti ya kuombea watu. Alikuwa mmoja wa wale walioshinda Sendwe na wagonjwa. Alipochaguliwa kuongoza hakuna aliyeshangaa. Muhula wake ulipoisha, maprofesa walikuwa kwenye mgomo, kampasi imetawanyika, uchaguzi ukaahirishwa. Waliporudi, mtu akasema tusibadili farasi katikati ya mto, na kiongozi akaendelea. Mwaka uliofuata hakuna aliyeuliza tena.

Kisha akamaliza masomo.

Hapo ndipo ningependa msomaji akae kidogo, kwa kuwa wote tuliowahoji walipita hapo haraka. Kijana ana diploma na hana kazi. Amepeleka barua kwenye makampuni ya migodi, amengoja, hakuitwa. Kurudi Kamina mikono mitupu, mbele ya ukoo uliouza mahindi ili asome, ni aibu asiyoiweza. Kanisani kwake mjini anahesabiwa kuwa mmoja wa vijana, anakaa nao benchi moja, na kazi anayopewa ni kupanga viti siku ya harusi. Kwenye kampasi, watu sitini wanasimama akiingia. Wasichana na wavulana wanamletea ndoto zao, hofu zao, na matokeo yao ya mitihani. Ni mahali pekee duniani ambapo mtu huyu ana jina. Akabaki. Akawa makizari wa heshima katika homu ambayo hakuwa tena na haki ya kulala ndani yake.

Mtu akishabaki lazima ale. Kwanza wanafunzi walimletea sahani, bukari na sombe, kwa upendo. Baadaye wakaona ni vizuri kuwe na utaratibu, wakaanza kuchanga. Mchango ukawa sadaka, sadaka ikawa fungu la kumi, na fungu la kumi likahitaji fundisho. Malaki sura ya 3 ikaanza kusomwa kila Ijumaa. Lakini zaka hupelekwa ghalani, na ghala ni nyumba ya Mungu. Basi wanaotoa zaka oditwarini wanapaswa kuwa kanisa oditwarini. Ndipo Jumapili ikachukuliwa. Na kanisa lina meza, lina ubatizo, lina baba. Bango jipya likachapishwa lenye jina la huduma na picha ya kiongozi mwenye suti. Mpaka tunaitwa, alikuwa ameanza kuulizia karatasi za kuandikisha shirika chini ya sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, ile ya mashirika yasiyo ya faida, na wanafunzi wawili waliombwa watie sahihi kama waanzilishi.

Ukizitazama hatua hizo moja moja, kila moja ina sababu inayoeleweka. Sikuona siku ambayo mtu alikaa akapanga kuteka kikundi.

Tena alikuwa na mifano mbele yake. Wazee wa Lubumbashi wanakumbuka jinsi serikali ya Mobutu ilivyotambua makanisa machache tu kwa sheria ya tarehe 31 Desemba 1971, na jinsi vyama vya vijana wa dini vilivyopigwa marufuku mwaka 1972 ili vijana wote wawe wa JMPR, tawi la vijana la chama cha Mobutu, MPR. Chuo chenyewe cha Lubumbashi, kilichofunguliwa mwaka 1956, kilimezwa mwaka 1971 ndani ya UNAZA, chuo kimoja cha taifa, pamoja na vyuo viwili ambavyo makanisa yalikuwa yameanzisha, kile cha Wakatoliki cha Kinshasa na kile cha Waprotestanti cha Kisangani. Watu waliendelea kuombea vyumbani na nyuani. Baada ya hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990 iliyomaliza utawala wa chama kimoja, maombi hayo ya vyumbani yalitoka nje, na makanisa mengi ya uamsho tunayoyajua yalianza hivyo. Kwa kijana wa leo, kugeuza kikundi cha maombi kuwa kanisa ni njia iliyokwisha kukanyagwa na watu anaowaheshimu.

Daftari

Mtunza kasha alituletea daftari bila kulazimishwa. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, jalada limeshikwa kwa gundi ya karatasi, safu nne zimepigwa kwa rula: jina, promosyo (yaani mwaka wa masomo), kiasi, na maelezo. Kurasa za mwanzo zina viwango vidogo, franka 500, franka 1.000, na upande wa matumizi zimeandikwa nauli za Sendwe, dawa za malaria, sanduku la kuzikia kwa mtu aliyefiwa na baba. Katikati panaanza kodi ya kinanda, bango, simu ya mtumishi, viatu vya mtumishi. Tulijumlisha wenyewe. Hesabu zililingana mpaka franka ya mwisho. Hakuna kilichoibwa, na baadhi ya wazazi waliokuja wakitarajia kumkamata mwizi walikasirika kwa kukosa ushahidi.

Mstari wa msichana wetu tuliuona mara moja, kwa sababu kiasi chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya ukurasa. Jina, promosyo, kiasi. Na katika safu ya maelezo, kwa mwandiko safi: "minervali".

Mtunza kasha alijua basi. Ni kijana wa mwaka wa kwanza wa uchumi, mtaratibu, asiyekosea kujumlisha. Tulimuuliza kama moyo wake haukushtuka alipoandika neno lile. Alijibu kwamba hajawahi kukiona kikundi kikiendeshwa vingine. Alipofika, Jumapili ilikuwapo, zaka ilikuwapo, baba wa kiroho alikuwapo. Alidhani vimekuwapo tangu mwanzo.

Jibu lake ndilo lililonifanya nielewe kisa. Katika chuo, mtu ana miaka mitatu ya ngazi ya kwanza, akiweza anaongeza miwili. Desturi yenye umri wa miaka miwili, kwa aliyeingia jana, ni ya mababu. Wale walioijua kanuni ya Jumapili walikuwa wamehitimu na kutawanyika Kolwezi, Kasumbalesa, Kinshasa. Hakuna aliyebaki wa kusema "haikuwa hivi", isipokuwa mtu mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa na sababu ya kutosema. Uchaguzi wa kila mwaka ulikuwa na kazi ambayo sisi wenyewe hatukuwahi kuieleza wazi: kila kuapishwa kwa komite mpya, kanuni zilisomwa upya kwa sauti mbele ya wote, na anayetoka alitoa hesabu ya alichopokea. Uchaguzi ulipokoma, na kumbukumbu ikakoma.

Nimesikia maelezo mengine, na yote yana kitu. Mama alisema ni ulafi, lakini daftari linamkatalia. Wachungaji walisema ni mafundisho mabovu ya Malaki, na kweli mafundisho yalikuwa mabovu, lakini yalikuja baada ya njaa, yakaja kuihalalisha. Baadhi ya wanakikundi walisema ni wivu wa makanisa yanayopoteza vijana. Hilo nalo lina chembe ya ukweli, maana mchungaji mmoja alianza kuhesabu waliopotea kwaya yake kabla hajauliza habari za mitihani ya msichana. Lakini ukimwondoa mlafi, ukasahihisha Malaki, ukatuliza wivu, bado utakuwa na kiongozi aliyemaliza masomo na asiye na pa kwenda, na baada ya mwaka mmoja atapata fundisho lingine. Kikundi cha wanafunzi kimeundwa kwa watu wanaoondoka. Kikibeba mtu asiyeondoka kinaanza kumzunguka yeye, hata akiwa mtakatifu.

Jioni ya Kampemba

Tulikutana nyumbani kwa mmoja wa wachungaji, katika mtaa wa Kampemba, watu wachache, tukala kwanza. Mama wa msichana alikuwepo, na binti mwenyewe. Nilihofia jioni ingekuwa ya kumhukumu mtu. Mchungaji mzee alifungua Marko sura ya 7 badala ya Malaki, pale Yesu anapowakemea wale wanaotangaza kuwa mali ni Korbani, wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama zao. Akauliza swali moja: fedha za minervali zilikuwa za nani? Binti akajibu, za mjomba. Na mjomba alizituma ziende wapi? Chuoni. "Basi ulikuwa mjumbe," mzee akasema. "Mjumbe hana zaka ya kutoa kwenye mzigo wa mtu mwingine." Akaongeza, akimtazama binti kwa upole, kwamba alichotoa kwa moyo wake Mungu alikiona, na kwamba kosa lilikuwa la waliomfundisha. Binti alilia. Nilifurahi kwamba alisikia hilo mbele ya mama yake.

Zaka ya Biblia yenyewe, mzee alikumbusha, ililisha Walawi pamoja na mgeni, yatima na mjane; Kumbukumbu la Torati 14 linasema hivyo waziwazi. Kwenye kampasi, yatima na mgeni ni makizari na yule asiyemaliza ada. Kikundi kilikuwa kimewatoza wale ambao zaka ilipaswa kuwalisha.

Kiongozi alisikiliza yote bila kubisha. Ilipofika zamu yake alinigeukia mimi, kwa kuwa tulijuana zaidi.

"Yaya, mukinitosha pale, niende wapi?" Yaani: mkubwa wangu, mkiniondoa pale, niende wapi?

Nadhani swali hilo lilistahili muda mwingi kuliko lolote la jioni ile, na tulilipa muda. Tulizungumza habari za Paulo huko Efeso: alifundisha miaka miwili katika darasa la Tirano, ukumbi wa kuazima kama oditwari yetu, kisha akaondoka. Na alipowaaga wazee wa Efeso pale Mileto, katika Matendo 20, aliwaambia kwamba hakutamani fedha wala dhahabu ya mtu, wakalia kwa sababu hawataonana tena. Kiongozi alisema sura hiyo amehubiri mara nyingi. Lakini Paulo alikuwa na pa kwenda, akasema, Yerusalemu ilimngoja, na alijua kushona mahema.

Alikuwa na haki. Ni rahisi kwa sisi wenye kazi kumwambia kijana ahitimu na aachie nafasi. Makanisa yetu ya mjini yana mipango ya watoto, ya mama, ya baba, na "vijana" ambao ndani yake mtoto wa miaka kumi na nne anakaa na mtu wa miaka thelathini asiyeoa. Aliyeongoza watu sitini chuoni anarudi akipewa ufagio. Mchungaji wa pili, ambaye hakuwa amesema mengi, alikubali hilo hadharani, na hapo ndipo mazungumzo yalipata pa kushika. Alisema kanisani kwake Ruashi ana darasa la vijana walioanza kazi na wanaotafuta kazi, halina mwalimu. Alimpa kiongozi darasa hilo, chini ya usimamizi wake, na nafasi ya kusoma uchungaji kwa utaratibu wa kanisa ikiwa wito wake utathibitika. Sisi tuliohitimu tulikubaliana kulipa kodi ya chumba chake kwa miezi ya kwanza. Sasa anafundisha vipindi vichache katika shule ya sekondari. Mshahara ni mdogo na unachelewa, lakini ni wake.

Mengine yaliamuliwa upesi. Jumapili ya oditwari ilifungwa, na meza na ubatizo vikarudishwa makanisani. Zaka ikakoma, wanachanga wanachotaka, hesabu inasomwa kila mwisho wa mwezi mbele ya wote, na mtunza kasha hapokei fedha iliyotumwa kwa masomo hata mtoaji akisisitiza. Aliyemaliza masomo haingii komite. Tunaohitimu tunaweza kuitwa kushauri, kusimulia ilivyokuwa, na kuchangia, bila kura na bila ufunguo wa oditwari. Kanuni zimeandikwa ukurasa mmoja na zinasomwa siku ya kukabidhiana. Bahasha ya msichana ilirudishwa kutoka kasha, na palipopungua tuliongeza.

Lakini tarehe za anrolema hazirudi nyuma. Alikosa sesioni ya kwanza yote, akafanya masomo yote katika sesioni ya pili, wakati wenzake wana matatu au manne ya kurudia. Alipita. Haji tena Alhamisi. Anaimba Katuba na mama yake, na anapoombwa kuongoza maombi anampisha mwingine. Mjomba wa Kolwezi hatumi tena fedha kwa simu yake. Analipa benki mwenyewe na kumtumia picha ya stakabadhi. Hayo sikuyaona yakitajwa na wale wanaosema kisa kimekwisha vizuri.

Wapo pia wasiokubali. Baadhi ya wanakikundi waliomwamini Kristo kwa mahubiri ya kiongozi huyu waliona tumemfukuza baba yao. Yeye mwenyewe amewasihi mara kadhaa, lakini bado wanakutana Jumapili katika uwanja wa nyumba moja huko Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, bila yeye, wakimngoja. Juzi komite mpya iliniuliza kama wanafunzi hao wanaweza kuruhusiwa kwenye masomo ya Alhamisi. Wengine walitaka kwanza watubu mbele ya kikundi. Nilijibu waingie bila kuulizwa lolote, mradi pale Alhamisi pasipitishwe kikapu cha mtu yeyote, na komite ikakubali. Mwenyekiti wa sasa ni msichana wa mwaka wa tatu wa kilimo. Muhula wake unaisha mwaka huu wa masomo ukifungwa, na makamu wake ameshaanza kuongoza Alhamisi moja baada ya nyingine.